Mkuki mmoja wa ukoo wa Shakespeare

Familia zinazokuja kwangu kuchorewa nembo ya ukoo huja na orodha ndefu: simba, mlima, kitabu kilichofunguliwa, jembe, njiwa, mikono inayoshikana. Kabla sijashika penseli huwaonyesha ngao moja ya mwaka 1596, kwa sababu sijakutana na nembo nyingine inayofundisha kazi hii vizuri kama hiyo.

Nembo hiyo ilitolewa kwa John Shakespeare, baba wa William, yule mwandishi wa tamthilia. John alikuwa mshona glavu wa Stratford-upon-Avon, Uingereza, aliyewahi kuwa mkuu wa mji huo mwaka 1568. Rasimu mbili za hati yake, za tarehe 20 Oktoba 1596, zimehifadhiwa College of Arms, London, ofisi ambayo hadi leo hutoa nembo kwa watu binafsi. Kwa tafsiri yangu zinasema hivi: ngao ya dhahabu, juu yake mkanda mweusi wa mshazari, na juu ya mkanda mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Basi. Unaisema kwa pumzi moja, na mchoraji anayeijua fani ataichora bila kuonyeshwa mfano. Wateja wengi hushangaa nikiwaambia kwamba nembo ni yale maneno. Ngao inaweza kuchorwa nyembamba au pana, mkuki mnene au mwembamba, ilimradi maneno yametimizwa.

Jina Shakespeare, ukilikata katikati, kwa Kiingereza ni “tikisa mkuki”. Nembo inalitamka jina. Hata asiyejua kusoma aliweza kumtambua mwenye nayo.

Sasa tazama rangi. Kanuni ya zamani inagawa mambo mawili: dhahabu na fedha ni madini, nyeusi, nyekundu, buluu na kijani ni rangi. Madini hayakai juu ya madini, wala rangi juu ya rangi, maana ngao ilitakiwa itambulike kutoka mbali. Hapa tuna dhahabu, kisha nyeusi, kisha dhahabu tena, na ile ncha ya fedha nayo imelala juu ya weusi. Mkanda haukuwekwa kwa urembo. Uondoe, na mkuki wa dhahabu utazama ndani ya ngao ya dhahabu.

Juu ya ngao yuko ndege mwindaji, kozi, wa fedha, mbawa amezitanua, ameshika mkuki mwingine. Amesimama juu ya kata ya nguo iliyosokotwa, ile ile kata tunayoijua chini ya ndoo ya maji kichwani.

Kaulimbiu ya nembo ni ya Kifaransa cha kale, *Non sanz droict*, yaani “si bila haki”. Katika rasimu mwandishi aliweka mkato baada ya neno la kwanza, ikasomeka kama “Hapana, bila haki”, akaifuta, kisha akaiandika upya kwa herufi kubwa. Tangu nilipojua habari hiyo, kila kaulimbiu ya mteja huisoma kwa sauti kabla ya kuichonga.

Mwaka 1602 afisa mmoja wa nembo, Ralph Brooke, aliwashtaki wenzake kwamba wanawapa nembo watu wasiostahili. Katika nakala ya mashtaka hayo, chini ya mchoro wa ngao hii kumeandikwa kuwa ni ya Shakespeare mwigizaji. Tena, ilidaiwa, inafanana mno na ya Bwana Mauley, ambayo nayo ni dhahabu yenye mkanda mweusi. William Dethick na William Camden, maafisa wa nembo walioshtakiwa, walijibu kwamba mkuki juu ya mkanda unatosha kuzitofautisha. Kitu kimoja kilibeba jina na pia kikaitetea nembo.

Kwa nini hati iandikwe kwa jina la baba, wakati mwana ndiye aliyekuwa na fedha? Nembo hurithiwa. Baba akipewa, mwana anakuwa muungwana wa kuzaliwa. Kwa sababu hiyo hiyo, nembo hii ni ya uzao wa John peke yake, si ya kila mtu aitwaye Shakespeare. Ukiuziwa mtandaoni “nembo ya jina lako”, umenunua picha tu.

Jambo linaloniuma katika hati hiyo ni tarehe. Hamnet, mtoto pekee wa kiume wa William, alizikwa tarehe 11 Agosti 1596, akiwa na miaka 11. Oktoba ikaja nembo, na wa kuipeleka mbele pamoja na jina hakuwapo tena. Dada yake, Susanna, alifariki mwaka 1649 na kuzikwa katika kanisa la Holy Trinity, Stratford. Kwenye jiwe la kaburi lake nembo imegawanywa: nusu ni ya mumewe, nusu ya baba yake. Jiwe halina rangi, dhahabu wala weusi, lakini mshazari upo, na mkuki juu yake.