Jeni na Niuroni Mpya za Mtu Mzima: Maswali ya Barazani

Maswali haya yaliulizwa na wazee wa baraza moja mjini Wete, Pemba, baada ya mmoja wao kudai kwamba ubongo wa mtu mzima haupati tena seli mpya.

Je, dai hilo ni kweli?

Ndivyo wataalamu walivyoamini hadi miaka ya 1960, pale Joseph Altman wa Marekani alipoanza kuonesha kwamba ubongo wa panya waliokomaa huzalisha niuroni mpya (niuroni ni seli za neva, zinazopelekeana ujumbe), na hata hivyo wenziwe wengi hawakumjali. Mwaka 1998 Peter Eriksson, Fred Gage na wenzao walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa wagonjwa wa saratani, ambao enzi za uhai wao walitiwa dawa inayojipachika katika DNA (maandishi ya urithi) ya seli inayogawanyika, wakaikuta alama hiyo ndani ya niuroni za hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu.

Kama kila seli ina jeni (maagizo yaliyoandikwa katika DNA) zile zile, seli hujuaje kuwa iwe niuroni?

Hapa ndipo penye uzito. Chuoni watoto wote wana msahafu mmoja, lakini huyu amefungua Juzuu Amma na yule yuko Yasini. Hali kadhalika, takriban kila seli ina jeni zote (chembe nyekundu za damu zilizokomaa hazimo), na kinachozitofautisha ni jeni zipi zimefunguliwa. Wafunguzi ni protini, nazo pia hutengenezwa kwa maagizo ya jeni nyengine.

Katika hipokampasi ya panya, jeni iitwayo Sox2 husaidia seli shina (seli mama zinazozaa seli za aina nyengine) kubaki seli shina. Ascl1 inapoamka, seli hutoka usingizini na kuanza kugawanyika. Baadaye NeuroD1 hushika zamu, na ikiondolewa, niuroni changa nyingi hufa kabla ya kukomaa, ilhali Prox1 huzipa sura ya aina yake khasa. Hata mambo yakienda sawa, sehemu kubwa ya niuroni hizo hufa ndani ya wiki chache, na zinazosalia ndizo zinazounganishwa na jirani zao.

Na kwa binadamu?

Ubishi haujesha. Mwaka 2013 kundi la Jonas Frisén wa Sweden, likipima umri wa seli kwa kaboni ya mnururisho iliyoenea hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, lilikadiria niuroni mpya 700 kwa siku katika kila hipokampasi. Mwaka 2018 kundi jengine halikuona niuroni changa kwa watu wazima. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania waliziona hata kwa waliovuka miaka 80. Kwa maoni yangu sehemu ya ugomvi huu ni namna tishu zinavyohifadhiwa baada ya kifo, kwani alama za niuroni changa hupotea upesi.

Zipo dawa za kuziamsha jeni hizo?

Hakuna iliyothibitishwa, kwa hivyo chupa za “kuotesha ubongo” ziacheni dukani. Lakini panya wanaokimbia kwenye gurudumu hupata niuroni mpya nyingi zaidi kuliko wasiokimbia.

Mzee wa miaka 70 anayeanza kuhifadhi sura, anatumia niuroni mpya?

Kwa sehemu kubwa anatumia za zamani, ambazo huimarisha viungo baina yao. Nazo zinahitaji jeni: dakika chache baada ya kujifunza, jeni kama Arc hufunguliwa ndani ya niuroni zilizoshiriki, hata zile alizozaliwa nazo.