“Simu imesema mzima”: akili mnemba na mbegu ya muhogo Bagamoyo

Msimu wa kukata mbegu ukikaribia, kuanzia Zinga mpaka Kiwangwa, maneno ni yale yale: nimepiga picha jani, simu imesema zima, basi nakata mbegu, yaani pingili za shina za kupanda. Hapana. Simu imesema jani ni zima. Kuhusu mti haijasema kitu, na kuhusu muhogo ulio chini ya udongo ndiyo kabisa.

Programu inayotajwa zaidi ni Nuru, kazi ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Kamera inatazama jani, modeli, yaani akili mnemba iliyomo ndani yake, inapima rangi na umbo kwa kufuata picha ilizofundishiwa, kisha inataja magonjwa ya virusi ya batobato au michirizi ya kahawia, au mashambulizi ya utitiri wa kijani. Haipimi virusi. Na virusi vya michirizi vinaweza kukaa kwenye shina bila jani kuonesha chochote.

Kinachotuchosha hasa ni jani linalochaguliwa. Batobato hujionesha juu, kwenye majani machanga: mabaka ya njano na kijani, jani limejikunja na kupinda upande. Michirizi huanzia chini, kwenye majani yaliyokomaa: unjano unafuata mishipa midogo ya jani, lakini jani lenyewe limenyooka vizuri. Sasa angalia kalenda ya mkulima. Mbegu hukatwa mwisho wa kiangazi, masika yakinukia. Majani ya chini yameshapukutika, mti umebaki na kishungi kileleni. Anapiga picha kishungi hicho, simu inajibu kwa haki kabisa kwamba ni kizima, kwa kuwa ushahidi ulishaanguka ukaoza. Pingili zenye ugonjwa zinajaza ekari nzima, na siku ya kung'oa inalaumiwa simu.

Kagua shamba likiwa na miezi mitatu hadi sita, majani ya chini yangalipo. Pita kwa mistari miwili inayokatana, kutoka pembe hadi pembe, uchague miti 30. Kila mti piga majani sita, ya juu na ya chini. Sita hayo hayakuokotwa: utafiti uliochapishwa 2020 ulikuta Nuru ikipatia dalili kwa asilimia 65, na ilipopewa majani sita ya mti mmoja ikapanda hadi kati ya 74 na 88. Futa lenzi kwanza. Kidole kilichotoka kushika samaki kimeharibu picha nyingi kuliko mawingu. Usichume jani ukaenda kulipiga barazani, litakuwa limenyauka. Jua la saa sita hung'arisha jani hadi mabaka yanapotea, kwa hiyo likinge kwa mwili wako, ila kivuli kilifunike lote, kisilikate nusu kwa nusu.

Mti uliopita ukaguzi huo ufunge kamba. Siku ya kuvuna, kabla hujagusa shina lake, kata kila muhogo wake kwa mapana sehemu nne au tano, maana uozo wa michirizi hukaa madoa madoa: kipande hiki cheupe kama nazi, kinachofuata kina doa la kahawia, kavu na gumu kama kizibo. Doa moja tu, shina hilo ni kuni. Lililopita kote ndilo la kukata pingili za sentimita 20 hadi 30. Hata hapo umepunguza hatari tu. Anayetaka uhakika zaidi anunue mbegu iliyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu.

Sasa tujibu maneno mengine yanayosemwa kuhusu simu hii. “Ilifundishwa kwa picha za Ulaya.” Muhogo gani unalimwa Ulaya? Picha za modeli ya awali, iliyochapishwa 2017, zilipigwa hapa hapa, kwenye mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo: picha 11,670 kwa wiki nne, kwa kamera ya kawaida ya Sony. Kilichotoka nje ni Inception v3 ya Google, modeli iliyokwishajifunza kutambua vitu kwa ujumla, ikaongezewa somo la majani ya muhogo.

“Si walisema inapatia asilimia 93?” Waundaji wa modeli hiyo ya 2017 walisema, na ni kweli, kwa picha zilizotengwa kutoka mkusanyo uleule. Ni mwanafunzi kutahiniwa kwa maswali ya daftari lake mwenyewe. Shambani kuna dalili changa, upepo na mkono unaotikisika. Lakini anayeicheka ile 65 asome na mistari ya chini yake: katika utafiti huo wa 2020 maafisa ugani walipatia asilimia 40 hadi 58, wakulima 18 hadi 31.

“Magonjwa haya wameleta watafiti.” Batobato iliandikwa mara ya kwanza 1894, kutoka Usambara. Michirizi iliandikwa 1936, nayo kutoka Tanga, na mtafiti wa kituo cha Amani.

“Bila bando haifanyi kazi.” Bando ni la kupakua programu. Baada ya hapo modeli imo ndani ya simu, piga hata porini Fukayosi.

“Imeshataja ugonjwa, sasa itaje dawa.” Mti wenye virusi hauna dawa. Kupulizia nzi weupe wanaoeneza virusi hivyo hakuponyi ulioambukizwa. Mti mchanga wenye dalili ng'oa, na shamba jipya usilipande ubavuni mwa la zamani lenye ugonjwa.

Yupo pia anayeuliza kama simu itamwambia muhogo mchungu na mtamu. Nuru haipimi sianidi, sumu iliyomo kwenye muhogo mchungu. Muulize aliyekupa mbegu jina la aina hiyo ya muhogo, kabla hujauchoma.