Flapu za Cessna 172: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba flapu ni breki za angani. Kwa kweli, vipande hivi vinavyoteremka nyuma ya bawa, karibu na kiwiliwili cha ndege, huongeza mpindo wa bawa ili liweze kuibeba ndege kwa mwendo mdogo zaidi. Katika Cessna 172S, toleo mojawapo la ndege hii ndogo ya injini moja, kasi ambayo bawa huishiwa nguvu ya kuinua hushuka kutoka noti 48 (yaani maili 48 za baharini kwa saa) hadi noti 40 flapu zinapoteremshwa zote. Nyuzi 10 za kwanza huongeza hasa nguvu ya kuinua, ndiyo maana hutumika hata wakati wa kuondoka ardhini; zikifika nyuzi 30, kinachozidi ni ukinzani wa hewa, unaomwezesha rubani kushuka kwa mteremko mkali bila kasi kupanda.

Wapo wanaodhani kwamba tao jeupe kwenye kipimakasi linaonyesha mwisho wa kasi kwa flapu za kiwango chochote. Ukomo wake wa juu, noti 85, unahusu flapu zilizoteremshwa zote. Nyuzi 10 zinaruhusiwa hadi noti 110. Wachache hukumbuka pia kwamba flapu zikiwa chini, uzito ambao muundo wa ndege umeidhinishwa kuhimili angani hupungua kutoka mara 3.8 hadi mara 3.0 ya uzito wake, kwa hiyo si busara kuvuta usukani kwa nguvu katika hali hiyo.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni ile ya kwamba rubani akighairi kutua apandishe flapu zote mara moja ili ndege ipae haraka. Akifanya hivyo kwa mwendo mdogo, bawa hupoteza nguvu ya kuinua kabla kasi haijaongezeka, na ndege huzama wakati ardhi iko karibu mno. Utaratibu wa 172S ni kusukuma kidhibiti cha nguvu ya injini hadi mwisho, kurudisha flapu hadi nyuzi 20, kushika noti 60, kupunguza hadi nyuzi 10 mpaka vizuizi vipitwe, kisha kumalizia ndege ikiwa na kimo na kasi ya kutosha. Katika uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio takribani futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na tabochaja (kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini) hukosa takribani asilimia 15 ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa, na kila hatua inayorukwa hulipiwa kwa kimo ambacho rubani hana. Hata mtengenezaji alilizingatia suala hili la kupaa: toleo la 172P la mwaka 1981 lilipunguziwa flapu kutoka nyuzi 40 hadi 30.

Kwa upande wa matengenezo, wengi hudhani kila flapu ina mota yake. Ipo mota moja, katika bawa la kulia, na flapu ya kushoto huvutwa kwa kebo. Kebo ikikatika, flapu moja inaweza kushuka peke yake na ndege ikalala upande. Ndiyo maana kabla ya safari rubani huziteremsha, akazitazama zote mbili kwa macho yake, akakagua fito za kusukumia na rola ndani ya reli zake, kisha akatikisa kila flapu taratibu kwa mkono ili aone kama imelegea. Grisi nyingi nayo si kinga. Katika viwanja vya changarawe hunasa vumbi, na mchanganyiko huo husaga reli kama msasa; fundi husafisha kwanza, kisha hupaka kilainishi kilichotajwa katika mwongozo, mahali palipotajwa tu.

Flapu zikigoma kabisa kushuka, hilo pekee si janga. Mwongozo wa 172S unaelekeza kuongeza noti 9 kwenye kasi ya kukaribia uwanja na kukadiria umbali wa kutua ulioongezeka kwa asilimia 35. Njia ya kurukia isipotosha kwa hesabu hiyo, rubani huelekea uwanja mrefu zaidi angali na mafuta.