Kukatiza programu si kuiua

Kukatiza programu ni kuipelekea ishara inayoiomba iache kazi iliyo nayo. Kuiua ni kuiondoa bila kuiuliza. Nimemsikia mara nyingi mno mtu aliyebonyeza Ctrl na C katikati ya hesabu ya saa nyingi akisema kwamba "ameiua", na kauli hiyo humpotosha anayetaka kumsaidia.

Kitenzi katiza kimetokana na kata. Anayekatizwa mazungumzo bado ana kinywa, na mara nyingi humalizia sentensi yake kabla ya kunyamaza. Ndivyo ilivyo katika mifumo endeshi ya Unix na Linux, ambako Ctrl na C huufanya mfumo endeshi uipelekee programu ishara namba 2, yaani SIGINT. Kwa programu iliyoandikwa kwa uangalifu, kipokezi cha ishara hiyo, yaani sehemu ya programu inayoishughulikia, huinua bendera tu, yaani huweka alama kwenye kumbukumbu, na hesabu yenyewe huikagua bendera kila inapomaliza mzunguko mmoja. Ikiikuta imeinuliwa, huandika matokeo kwenye faili ya muda, kisha huipa faili hiyo jina la kudumu, ili faili ya zamani isiachwe ikiwa nusu nzima nusu mbovu. Programu isiyojiandaa hufa papo hapo, na nadhani hapo ndipo watu walipozoea kusema wameiua.

Mkanganyiko huongezwa na amri ya kill, ambayo kwa Kiingereza maana yake ni ua, ingawa kazi yake halisi ni kutuma ishara yoyote. Usipoitajia namba hutuma 15, SIGTERM, ambayo nayo ni ombi. Inayostahili kitenzi kuua ni namba 9, SIGKILL, kwa kuwa programu haiwezi kuipokea, kuizuia wala kuipuuza, na matokeo ambayo bado yako kwenye kumbukumbu ya programu hupotea yote.

Ctrl na Z ni jambo la tatu. Huko ni kusitisha, kwa maana ile ile ya kusitisha mapigano: hesabu husimama ilipofika, ikisubiri fg, amri ya kuirudisha kazini, ili iendelee.

Basi aliyebonyeza Ctrl na C na aseme ameikatiza, na aliyelazimika kutumia namba 9 aseme ameiua, ili anayemsaidia ajue mapema kama kuna faili ya kutafuta.