Wakili wa kesi za kila aina si mbabaishaji

Wengi huamini kwamba wakili aliyepita kwenye ardhi, mirathi, mikataba na jinai hajabobea popote. Si kweli. Sheria hutofautiana, lakini kuhoji shahidi na kupima ushahidi ni kazi ile ile.

Abraham Lincoln, kabla ya kuwa rais wa Marekani, alifanya uwakili kwa zaidi ya miaka 20: madeni, reli, hata mauaji. Mwaka 1858, katika kesi ya mauaji, shahidi mmoja alidai aliona pigo likipigwa usiku, kwa mbalamwezi. Lincoln akafungua almanaka, kitabu cha tarehe na nyakati za mwezi, mahakamani: saa ile mwezi ulikuwa chini kabisa, unakaribia kutua. Mteja wake akaachiwa huru. Mimi naliona pale jicho lililozoea kukagua nyaraka, za madeni na za reli pia.