Kwa nini ndizi zilizovundikwa huiva haraka?

Kila maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hakosekani mtu wa kusimama mbele ya meza yetu na kuuliza swali hili. Bibi alikuwa akichimba shimo, akalitandika majani ya mgomba, akapanga chane za ndizi mbichi, akafukiza moshi, kisha akafukia. Baada ya siku chache anafukua ndizi mbivu. Mle shimoni alitia dawa gani?

Dawa ilikuwa kwenye ndizi zenyewe. Ndizi iliyokomaa hutoa gesi iitwayo ethilini. Kwa macho huioni, na ni kidogo mno hata pua haiinusi. Ni homoni ya mmea. Ikiifikia ndizi mbichi, nayo huanza kutengeneza ya kwake, ambayo huifikia jirani yake, na kadhalika. Ndiyo maana chane moja ikitangulia kuiva, mkungu mzima hufuata. Shimo huzuia gesi isipeperuke na hutunza joto. Moshi wa kuni zisizowaka vizuri nao una ethilini ndani yake. Jina la gesi bibi hakulijua, na hata wanasayansi walichelewa: ni mwaka 1934 ndipo Richard Gane, huko Uingereza, alipothibitisha kwamba matunda ndiyo yanayoitoa.

Ndizi mbichi ina wanga unaokaribia moja ya tano ya uzito wa nyama yake. Inapoiva, karibu wanga wote hugeuzwa sukari, na kuta za seli hulegea. Rangi ya kijani nayo huvunjwavunjwa. Watu hudhani njano ndiyo inayoingia, kumbe ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa tu.

Embe, papai, nyanya na parachichi hufuata njia hiyo hiyo. Parachichi ndilo la ajabu zaidi, kwani likiwa mtini halilainiki hadi lichumwe. Ukilitaka kesho kutwa, lifunge pamoja na ndizi mbivu kwenye mfuko wa karatasi. Usitumie nailoni iliyobana, kwa sababu tunda huhitaji hewa ya oksijeni ili liive. Lakini chungwa na nanasi usihangaike nayo. Ukiyachuma machanga, vundika hata mwezi, utamu hauongezeki.

Wapo wafanyabiashara wanaotumia kabaidi, ile ya kuchomelea vyuma. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayofanana na ethilini, na ganda hugeuka njano. Tatizo ni kwamba kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na nchi nyingi zimeipiga marufuku kwenye matunda. Kwa hili sina lugha ya upole: hiyo si kuvundika.

Na wale wanaolalamika kwamba friji imeziharibu ndizi zao? Chini ya nyuzi joto 13 hivi, seli za ganda huumia na ganda likawa jeusi. Menya ule, mara nyingi ndani ni nzima.