Kuanza ngumi ukubwani: maswali na majibu kuhusu afya

Bondia wa Tanzania Hassan Mwakinyo alipomshinda Mwingereza Sam Eggington mjini Birmingham mwezi Septemba 2018, ngumi zilizungumzwa vijiweni kama mpira. Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa maswali mengi na watu wa Dar es Salaam ambao hawana nia ya kupanda ulingoni kutafuta mkanda, bali wanataka kupunguza kitambi, kujilinda au kuondoa mawazo ya kazi. Maswali yanayojirudia zaidi nimeyajibu hapa.

Nina miaka 34, nafanya kazi ya kukaa ofisini Posta na sijafanya mazoezi tangu nimalize shule. Ninaweza kuanza ngumi moja kwa moja?

Unaweza, ila kwa kipimo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Kuruka kamba na kupiga begi kumo katika kundi la mazoezi makali, kwa hiyo siku tatu kwa wiki, zenye siku ya kupumzika katikati, zinatosha kabisa kwa anayeanza. Anza na raundi za dakika mbili badala ya tatu, na katika mwezi wa kwanza usishindane na vijana uliowakuta. Pumzi na misuli huzoea mapema, lakini kano na maungio ya bega, kiwiko na kifundo cha mkono huchelewa, na ndiyo maana wengi huumia katika wiki ya nne au ya tano, wakati wanapojiona wameiva.

Kabla ya siku ya kwanza, pima presha na sukari katika zahanati iliyo karibu nawe. Muone daktari kwanza ikiwa umewahi kubanwa na kifua au kuzimia ukiwa katika mazoezi, ikiwa kuna ndugu yako wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, ikiwa una kifafa, kisukari, sikoseli, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kufanya mazoezi haya vizuri, mradi dawa yake ya kuvuta iwe ndani ya begi lake, isiwe imebaki nyumbani.

Niko wiki ya pili, na mwalimu anataka niingie ulingoni kupigana na mwenzangu ili "nizoee kula ngumi". Je, ni sahihi?

Si sahihi, na ningependa kila anayeanza alielewe jambo hili kuliko mengine yote. Ngozi ya kiganja huota sugu, mguu huzoea kutembea peku, lakini ubongo hauna namna ya kuzoea kupigwa. Ubongo ni laini, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Ngumi ya kidevuni au ya pembeni inapokizungusha kichwa kwa ghafla, fuvu hutangulia na ubongo hufuata kwa kuchelewa, na katika kuchelewa huko nyuzi za mishipa ya fahamu huvutwa na kunyongwa. Aliyepigwa mara nyingi hajawa mgumu; amelimbikiza madhara. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakiyumba kama walevi, ulimi mzito na akili imepungua, ingawa hawakuwa wamekunywa chochote. Leo tunafahamu kwamba hatari hiyo haitokani na kuangushwa tu, bali pia na wingi wa ngumi ndogondogo za kichwani, zikiwemo zile za mazoezini ambazo hakuna mtu anayezihesabu.

Faida karibu zote unazozifuata katika ngumi, yaani moyo wenye nguvu, uzito kupungua, wepesi wa miguu na usingizi mzuri, zinapatikana kwenye kamba, kwenye begi, kwenye kupigana na kivuli (kurusha ngumi hewani peke yako) na kwenye padi anazokushikia mwalimu. Hakuna hata moja inayokudai upigwe kichwani. Mtu anaweza kufanya ngumi miaka kumi bila kupanda ulingoni, na akawa na afya bora kuliko bingwa. Ukitamani kupigana, hilo ni chaguo lako, lakini lisubiri miezi kadhaa, mpaka uwe unaweza kujikinga, kukwepa na kurudi nyuma bila kufumba macho. Hata hapo, anzeni na ngumi za mwilini tu, kwa nguvu ndogo mliyokubaliana, na mtu wa uzito wako. Mwambie mwalimu kwa heshima: "Kocha, bado sijawa tayari." Akikulazimisha, tafuta kambi nyingine, jiji hili halina uhaba wa walimu wa ngumi.

Lakini tunavaa kofia ya kinga. Haitoshi?

Kofia hupunguza kuchanika nyusi na michubuko, lakini haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Shirikisho la kimataifa la ngumi za ridhaa liliziondoa kofia hizo kwa wanaume watu wazima mwaka 2013, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wanaume walipigana bila kofia. Mimi bado nashauri uivae mazoezini, kwa ajili ya ngozi na masikio yako. Usiivae ukidhani imekupa ruhusa ya kupigwa zaidi.

Nitajuaje kwamba ngumi ya kichwani imenidhuru?

Wengi husubiri mtu azimie ndipo washtuke, ilhali katika mitikisiko mingi ya ubongo mtu hazimii kabisa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuchukia mwanga, kujibu taratibu, kusahau raundi iliyopita ilikwendaje, au hasira na usingizi usio wa kawaida. Nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa, ukiwa tayari umesharudi nyumbani. Picha ya kichwa inaweza kuonekana safi kabisa, kwa sababu kazi yake ni kutafuta damu au mfupa uliovunjika, na mtikisiko wenyewe hauonekani humo.

Ukiona dalili hata moja, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha, bila mjadala. Ngumi ya pili juu ya ubongo ambao haujapona inaweza kuleta uvimbe wa kuua, hasa kwa vijana. Usirudi nyumbani kwa bodaboda na usiendeshe chombo chochote, usinywe pombe, usilale peke yako usiku huo. Maumivu yatulize kwa parasetamoli, uache aspirini na diklofenaki, kwa kuwa zinaweza kuongeza kuvuja damu. Pumzika siku moja hadi mbili, kisha rudi kwenye matembezi, mbio nyepesi na begi hatua kwa hatua, na ukiona dalili zimerudi, shuka hatua moja. Kanuni za ngumi za ridhaa kwa miaka mingi zimemzuia bondia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa asipigane kwa muda usiopungua siku 30. Sioni sababu ya wewe, unayefanya kwa afya, kujipa muda mfupi kuliko huo kabla ya kugusana tena ngumi na mtu.

Kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi mzito usioamshika, degedege, mboni za macho kutolingana, udhaifu wa upande mmoja, au maji meupe yanayotoka puani au masikioni ni dharura. Mpelekeni mgonjwa kwa gari, akiwa amelazwa na shingo yake haigeuzwigeuzwi, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, ambako akihitaji upasuaji wa ubongo atapewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo, pale Muhimbili.

Nimepiga begi na sasa mkono umevimba chini ya kidole kidogo.

Acha kupiga na ukapigwe picha. Hapo ndipo huvunjika mfupa wa kiganja kwa watu wanaopiga kwa vifundo vya vidole viwili vya mwisho. Ngumi sahihi hutua kwa kifundo cha kidole cha shahada na cha kati, huku kifundo cha mkono kimenyooka. Usikubali kukandwa kwa maji moto na kuvutwavutwa. Mfupa ukiunga vibaya, hata kushika kalamu kutakusumbua. Funga bandeji ya mikono kila siku, hata unapopiga begi kidogo, na ukinunua glovu za mitumba zibonyeze kwanza: zile ambazo sponji yake imekufa hazikulindi wewe wala mwenzako.

Kambini tunaazimana glovu na kinga za meno. Kuna ubaya?

Kinga ya meno haiazimwi, kama mswaki usivyoazimwa. Ulingoni hutoka damu na mate, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Mtu mzima ambaye hajaambukizwa anaweza kuchanjwa, nami nahimiza kila anayegusana ngumi na wenzake apime na achanjwe. Damu ikitoka, simamisheni zoezi, fungeni kidonda, pafuteni kwa maji ya klorini. Fangasi na majipu husambaa kwa taulo na glovu zilizofungiwa mbichi ndani ya mfuko, zianikeni.

Kuvaa nailoni ndani ya nguo kunapunguza kitambi haraka?

Kunapunguza maji, na maji hayo yatarudi ukishakunywa glasi chache. Mafuta yako pale pale. Katika joto la Dar la Desemba hadi Machi, ambapo unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, nailoni inaweza kukuletea kiharusi cha joto, yaani mwili kuzidiwa na joto. Fanya mazoezi alfajiri au baada ya magharibi, na kunywa maji kidogo kidogo. Aliyefunga Ramadhani afanye mazoezi mepesi karibu na kufuturu, na yale makali ayaweke usiku, futari ikishatulia tumboni. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba huku mwili ukiwaka moto, mmwagieni maji mwili mzima na mpepeeni hapo hapo, huku gari likitafutwa.

Mimi ni mwanamke. Ni kweli ngumi ya kifuani husababisha saratani ya matiti?

Hapana. Huleta maumivu na kuvilia damu, na kinga ya kifua husaidia. Ukiwa mjamzito, usigusane ngumi na mtu.

Mwanangu wa miaka tisa anataka ngumi, na baba yake anapendelea karate. Nimpeleke wapi?

Mama, hapa namuunga mkono baba. Vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko mwaka 2011 la kupinga ngumi kwa watoto, kwa sababu katika mchezo huo kichwa hulengwa kwa makusudi. Karate inayotilia mkazo mtiririko wa mbinu bila kugusana, au judo inayomfundisha kwanza namna ya kuanguka, inamfaa zaidi, ingawa nazo zina majeraha yake. Kabla ya kulipa ada, nenda ukakae benchi jioni mbili. Angalia kama mwalimu anawapanga watoto kwa uzito na umri, kama wanapasha mwili joto, kama kuna maji na kivuli, na hasa anafanya nini mtoto anapogonga kichwa. Mwalimu anayemtoa, akamkalisha na kukupigia simu wewe, huyo mkabidhi mwanao. Anayempangusa vumbi na kumrudisha kati huku wengine wakipiga makofi, usimwachie.